Milo Imo Katika Bei, Lakini Je, Inalika?

 

Ndugu msomaji, yumkini ukiiona mada ya juma hili utatabasamu. Sisi tunaoishi Tanga, mji ambao mwezi wa Februari hata upepo wa baharini huja na joto lake, tumeipata wapi ilmu ya kuzungumzia theluji? Una haki ya kuuliza. Lakini gazeti hili husafiri kuliko waandishi wake. Kurasa hizi za familia hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa ndugu walioko Leicester, Munich, Malmö na Toronto, na maswali hurudi kwa njia ile ile. Mara tatu sasa tumeulizwa swali moja: familia ya Kiislamu yenye kipato cha wastani, ambayo watoto wake wanakulia katika nchi za baridi, itachaguaje likizo ya kuteleza kwa skii iliyo nafuu, ambayo milo yake imo ndani ya bei, bila kuharibu dini yao wala mfuko wao?

Tungelijibu mapema zaidi kama si aibu. Aliyetuuliza mara ya kwanza alikuwa dada yetu wa tumbo moja, na jibu tulilompa lilikuwa baya.

Dada yetu huyo, ambaye ni mkubwa wetu, anaishi Leicester pamoja na mumewe na watoto wao watatu, wa miaka 12, 9 na 6. Yeye huwahudumia wazee usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na mumewe huendesha basi tangu alfajiri. Hukutana mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka. Watoto hao wana baba na mama wote wawili, alhamdulillah, lakini huwapata kwa zamu. Kila majira ya baridi mtoto wa kwanza husikia wenziwe darasani wakisimulia milima waliyokwenda na wazazi wao, naye hukaa kimya. Mwaka mmoja wazazi wakaamua kwamba juma moja la likizo ya Februari wangelitumia wote watano mahali pamoja, wala pasiwe nyumbani ambako simu ya kazini huweza kulia.

Wakanunua juma katika nyumba ya wageni ya mbao, ya aina iitwayo chalet, katika milima ya Alps upande wa Ufaransa. Tangazo lilisema kila kitu kimo: kifungua kinywa, keki na chai ya jioni baada ya kutoka mlimani, na chakula cha usiku cha sahani tatu. Walilipa kwa kadi ya mkopo, nayo ina riba.

Usiku wa kwanza waliletewa viazi vilivyookwa kwa jibini na vipande vya nyama ya nguruwe. Mpishi, binti mwenye huruma, alipoambiwa alivitoa vile vipande kwa uma na kuirudisha sahani mezani. Usiku wa pili ilikuwa jibini iliyoyeyushwa ndani ya mvinyo mweupe, na watu wakichovya mkate. Usiku wa tatu nyama ya ng'ombe, ambayo haikuchinjwa kisharia, katika mchuzi uliopikwa kwa mvinyo mwekundu. Usiku wa nne mpishi alikuwa na mapumziko yake ya juma, na hapakuwa na chakula kabisa. Jambo hilo lilikuwa limeandikwa katika mkataba kwa herufi ndogo. Na kila usiku chupa za mvinyo zilikuwa mezani, kwa sababu nazo zilikuwa sehemu ya bei waliyolipa. Watoto walikula mkate, siagi na chipsi. Mchana wazazi walinunua vyakula katika duka la mlimani kwa bei ya mlimani. Chakula cha juma lile walikilipia mara mbili, na nusu yake hawakuila.

Ilikuwa usiku wa tatu dada alipotupigia simu, akinong'ona ili watoto wasisikie, akauliza kuhusu ule mchuzi na kuhusu viazi vilivyotolewa nguruwe. Sisi, badala ya kujibu alichouliza, tulimjibu tusichoulizwa. Tulimwambia kuwa ile ni israfu, kwamba paa la mama linavuja upande wa jikoni ilhali wao wanateleza juu ya theluji kwa pesa za riba. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, ustaadhi," akakata simu. Tangu tuzaliwe alikuwa akituita "mdogo wangu".

Asubuhi yake tulimsimulia mama, tukitaraji atatuunga mkono kwa kuwa paa ni lake. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua uso. Akasema, "Baba yenu alipowapeleka Lushoto, nyumba hii ilikuwa haina mlango hata mmoja wa ndani. Mapazia tu. Ungemwambia nini?"

Safari ile ya Lushoto tunaikumbuka mpaka leo. Marehemu baba yetu alikuwa karani bandarini. Alidunduliza mwaka mzima katika kibubu, akatupandisha basi, tukakaa siku saba katika chumba kimoja cha jamaa yake kule milimani. Mama alibeba sufuria, mchele, nazi na dagaa. Alfajiri ukungu uliingia mpaka mlangoni, nasi watoto tukiona pumzi zetu tukadhani zinatoka moshi. Hatukumbuki baba akiwa nasi siku saba mfululizo kabla ya hapo wala baada yake.

"Hakukopa," mama akaendelea, "na hatukulala njaa. Mwambie dada yako hayo mawili, mengine mwachie mwenyewe."

Tulimpigia dada tukamwomba radhi. Kisha tukamwomba atufundishe aliyojifunza, kwa sababu mwaka uliofuata alikwenda tena, na mara hiyo alikwenda kwa akili. Haya yafuatayo sehemu kubwa ni yake, na mengine tumeyatafuta sisi ili kuyakamilisha. Yamejengwa juu ya maneno mawili ya mama: usikope, na usilale njaa.

"Milo imo" ina maana nyingi

Anayenunua safari na aelewe kwanza kuwa maneno "milo imo" hayana maana moja, na bei hufuata maana.

Aina iliyoenea zaidi katika hoteli za milimani Ulaya ni malazi na milo miwili, yaani kifungua kinywa na chakula cha usiku. Mchana unajitegemea, na mchana wenyewe unakukuta juu mlimani, ambako mikahawa ni michache na bei ni yao. Tuchukulie, kwa mfano wa hesabu tu, kuwa chakula cha mchana cha mtu mmoja ni yuro 20. Watu watano kwa siku 6 ni yuro 600. Familia iliyochagua hoteli hiyo kwa kuwa ilikuwa nafuu kwa yuro 300 kuliko ile yenye milo mitatu imepata hasara ikidhani imepata faida.

Aina ya pili ni milo mitatu. Aina ya tatu ni ile inayojumuisha kila kitu pamoja na vinywaji. Hapo hakikisha unajua vinywaji gani, kwani kama ni pombe, unalipia usichokinywa. Aina ya nne ni chalet kama ile ya dada yetu: asubuhi, keki ya jioni na chakula cha usiku pamoja na mvinyo, na aghalabu usiku mmoja katika juma mpishi hupumzika. Tena sisi tunalo suala jingine, la kukaa katika meza ambayo mvinyo unazungushwa, nalo Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alilikataza. Familia inayokula meza moja na wageni wengine katika chalet haina pa kuhamia.

Kinyume cha hizo zote ni kukodi fleti yenye jiko. Huko milo haimo, lakini sufuria ni yako. Usiiache nje ya hesabu kwa sababu tu tangazo la hoteli linapendeza. Kwa familia iliyo karibu na duka la kawaida bondeni, mara nyingi fleti ndiyo nafuu zaidi. Ila kumbuka kuwa mama wa nyumba, ambaye mwaka mzima anapika, naye amekuja kupumzika. Mkichagua fleti, gawaneni zamu za kupika kabla ya kuondoka nyumbani, baba akiwamo, ama sivyo mtakuwa mmemhamishia mama jiko lake mlimani.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Dada sasa huuliza kwa maandishi na hutaka kujibiwa kwa maandishi, maana neno la simu hupeperuka. Maswali yake ni haya.

Je, chakula cha usiku ni cha kujipakulia au ni sahani moja kwa wote? Meza ya kujipakulia humpa Mwislamu nafasi ya kuchagua. Sahani moja kwa wote humfunga. Je, kila usiku ipo sahani ya samaki au ya mboga, au hupikwa kwa kuombwa tu? Je, chipsi hukaangwa katika mafuta yale yale ya nyama ya nguruwe? Je, michuzi na supu hutiwa mvinyo? Je, vitamutamu vya baada ya chakula vina jelatini au vileo? Hilo la mwisho ndilo husahauliwa zaidi, na ndilo linalowahusu watoto zaidi.

Na je, chumbani kuna jokofu dogo na birika? Vitu viwili hivi huokoa juma zima, kwa kuwa mkate, mayai ya kuchemsha na matunda ya kununua bondeni huwa chakula cha mchana mkobani.

Ukiona mwenye hoteli anajibu "hakuna shida" kwa maswali yote, muulize tena. Aliyeyaelewa maswali hayo hujibu moja moja.

Mahali pa kwenda

Alps si dunia nzima. Wako Waislamu wanaoishi katika nchi za theluji tangu karne nyingi, na wao wenyewe huteleza.

Uturuki ina mlima Erciyes, wenye kimo cha mita 3,917, ulio mwendo mfupi wa gari kutoka mji wa Kayseri wenye uwanja wake wa ndege. Anayetoka Uingereza kwa kawaida hubadilisha ndege Istanbul. Kayseri ni mji wa nyama ya ng'ombe iliyokaushwa kwa viungo na wa mandazi madogo ya nyama yaliwayo kwa mtindi, na mgeni wa Kiislamu hana haja ya kuchunguza kila sahani. Mashariki zaidi kuna Palandöken, juu ya mji wa Erzurum ambao mwaka 2011 uliandaa michezo ya dunia ya wanafunzi wa vyuo vikuu ya majira ya baridi. Uludağ, karibu na Bursa, ni maarufu zaidi, lakini umaarufu una bei yake. Hoteli nyingi za milima hiyo hutoa milo mitatu ndani ya bei. Hata hivyo uliza kuhusu pombe, maana hoteli kadhaa za huko huiuza.

Bosnia ina Bjelašnica na Jahorina, milima miwili iliyo karibu na Sarajevo, ambako mashindano ya skii ya kuteremka mlima ya Olimpiki ya mwaka 1984 yalifanyika, ya wanaume Bjelašnica na ya wanawake Jahorina. Bei zake ni za chini kuliko za Alps. Lakini Jahorina kwa sehemu kubwa iko upande wa nchi wenye Waserbia wengi, na nguruwe huwamo katika vyakula vya hoteli. Jina la nchi pekee lisikutoe wasiwasi. Wengine hulala Sarajevo kwenyewe, wakala katika mji wenye misikiti na vyakula vya halali, na kupanda mlimani asubuhi. Hilo ni wazo zuri kwa mwenye kukodi gari.

Bulgaria ina Bansko, ambayo kwa unafuu inajulikana sana Uingereza. Mji uko chini, kwa kimo cha mita mia tisa na zaidi kidogo, na wateleza hupandishwa kwa vigari vya waya mpaka kwenye theluji. Foleni ya asubuhi huweza kuwa ndefu. Nyama ya nguruwe imeenea, lakini zipo supu za maharage, saladi za jibini na samaki.

Morocco ina Oukaïmeden katika milima ya Atlas, kilomita zisizofika 100 kutoka Marrakech. Lifti zake ni chache na theluji yake haina ahadi, basi usiende huko kwa ajili ya skii peke yake. Ila kwa familia yenye watoto wadogo wanaotaka kuigusa theluji siku mbili kisha warudi mjini kula bila wasiwasi, ni safari ya bei ndogo.

Na kwa msomaji aliyeko huku kwetu, yako mawili. Lesotho kuna Afriski, katika milima ya Maluti, juu ya mita 3,000. Msimu wake ni kuanzia Juni hadi Agosti, ambapo shule zetu nazo huwa na likizo. Anayekwenda hupitia Johannesburg, na hapo ndipo pa kununua vyakula vya halali kabla ya kupanda. Dubai nako, ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, kuna ukumbi wa theluji uliofunguliwa mwaka 2005. Wengi wetu wenye jamaa wa Ghuba wameupita mlangoni bila kujua kuwa mtoto anaweza kufundishwa mle kwa saa chache tu.

Hata wa Leicester dada huwashauri waanze hivyo hivyo. Tamworth, si mbali nao, kuna ukumbi wa theluji ya ndani tangu mwaka 1994. Mpeleke mtoto somo moja huko kwanza. Akilia kutwa na kukataa kusimama, umelipa somo moja, hukulipa juma zima la mlimani.

Wakati wa kwenda

Katika likizo za shule bei hupanda, hasa katikati ya Februari na mwisho wa Desemba. Baadhi ya wazazi Uingereza huwatoa watoto shuleni mwezi Januari ili wapate bei ya chini. Wajue kuwa huko England mtoto akikosa siku tano za shule bila ruhusa, kila mzazi huweza kutozwa faini ya pauni 80 kwa kila mtoto akilipa ndani ya siku 21, na pauni 160 akichelewa. Wazazi wawili wenye watoto watatu wa shule ni pauni 480. Unafuu umekwisha. Wako pia wanaoipigia shule simu na kusema mtoto ana homa. Huo ni uongo, tena unasemwa mbele ya mtoto mwenyewe, naye ataukumbuka muda mrefu kuliko theluji.

Jambo la pili la wakati ni Ramadhani. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, kwa kutegemea mwandamo, kwa hiyo likizo ile ya katikati ya Februari itaangukia ndani ya mfungo. Anayenunua sasa safari ya tarehe hizo yenye milo mitatu atalipia kifungua kinywa kinachoanza jua limekwisha kuchomoza na chakula cha mchana asichokila, tena atatumia nguvu nyingi mlimani akiwa na kiu. Afadhali asubiri Pasaka, ambayo mwaka huo ni tarehe 28 Machi, baada ya Idi. Kwa wakati huo achague mahali pa juu, kama Erciyes, kwa kuwa mwisho wa Machi theluji ya milima ya chini huwa imekwisha kulainika.

Yasiyoandikwa katika bei

Bei ya juma, hata ikiwa na milo, mara nyingi ni ya ndege, usafiri wa kutoka uwanjani na malazi tu. Yabakiayo ni manne: tiketi ya lifti, kukodi skii na viatu vyake na kofia ngumu, ada ya mwalimu, na bima. Manne hayo huweza kukaribia bei ya malazi yenyewe, na ndiyo yaliyomsukuma dada kwenye kadi ya mkopo mara ya kwanza. Omba wakala akupe jumla moja ya familia nzima, yote yakiwamo, kisha ndipo ulinganishe hoteli na hoteli. Uliza pia umri ambao mtoto hupanda lifti bure, maana katika sehemu nyingi wa chini ya miaka 5 halipi.

Bima isipuuzwe. Bima nyingi za kawaida za safari hazihusishi michezo ya theluji mpaka uiongeze, na hakikisha kuokolewa mlimani kumetajwa. Kadi ya matibabu ya Uingereza iitwayo GHIC husaidia katika hospitali za serikali za nchi za Umoja wa Ulaya, lakini hailipi uokoaji wa mlimani, na Uturuki haitumiki. Anayenunua Uingereza kifurushi chenye ndege adai cheti cha ATOL, ambacho humlinda endapo kampuni itafilisika kabla ya safari.

Nguo zisinunuliwe mpya. Watoto hukua, na juma moja la matumizi halistahiki koti la bei ya mwezi. Azimeni msikitini na shuleni. Kwa bahati njema vazi la theluji ni pana, refu na lenye kufunika, wala dada hakuhitaji kubadilisha chochote ila kuvaa hijabu fupi ya kubana chini ya kofia ngumu. Ncha za mtandio zisiachwe zikining'inia karibu na lifti, maana huweza kunaswa.

Swala mlimani

Hapa tunasema kwa ufupi. Msafiri hupunguza na kujumuisha swala, lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu twaifuata, mwenye kunuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuwasili na ya kuondoka, hukamilisha swala zake tangu anapofika. Likizo ya juma moja imo katika hukumu hiyo. Madhehebu mengine yana mipaka yao, na kila mtu amuulize imamu wake kabla ya kuondoka. Katika siku fupi za Desemba Adhuhuri na Alasiri zote huingia lifti zikiwa bado zinatembea, kwa hiyo panga mapema: mahali pa kukutana, kona safi, na mkeka mwepesi mkobani. Baridi peke yake haimhalalishii mtu kutayamamu ikiwa maji ya moto yanapatikana hotelini. Na ukiulizwa na mtu unafanya nini, mwambie. Dada anasema mara zote mbili aliulizwa kwa adabu.

Safari ya pili

Mwaka uliofuata dada hakugusa kadi. Aliingia upatu na wanawake kumi wa msikiti wao, zamu yake ikaangukia Januari. Pesa hiyo pamoja na alizodunduliza mumewe zilitosha, na kabla ya kulipia safari alituma ya paa. Hatukumwomba. Fundi alimaliza kazi siku mbili kabla ya wao kupanda ndege, na mama aliwatumia picha ya mabati.

Walikwenda Erciyes, hoteli ya kawaida yenye milo mitatu. Haikuwa safari isiyo na kasoro. Mizigo ilichelewa Istanbul usiku mmoja, mtoto wa kati aliumwa mafua siku mbili, na mumewe alianguka siku ya kwanza akakataa kuvaa skii tena, akawa anakaa dirishani na chai akiwatazama. Lakini usiku wa kwanza walipoingia chumba cha kulia, mtoto wa miaka 6 alishika sahani akasimama, akamwangalia mama yake kama alivyozoea mwaka uliopita, akingoja kuambiwa kipi asiguse. Mama yake akamwambia, "Pakua tu." Dada anasema mtoto aliuliza mara mbili, "Chochote?"

Hapo ndipo dada alipotupigia simu, wala safari hii hakunong'ona. Alitaka tusikie kelele za meza. "Mdogo wangu," alisema, "tumelipa, na tunakula tulicholipia."

Ndugu msomaji, hatusemi kila familia iende kwenye theluji. Mwenye deni alipe deni lake kwanza, na mwenye mzazi anayelala chini ya paa linalovuja aanzie hapo. Kwa sisi tuliobaki Tanga, Lushoto iko pale pale, basi zinapanda kila siku, na sufuria tunazo. Lakini mwenye uwezo asioneshwe na yeyote, hata awe katibu wa msikiti, kwamba kukaa juma moja na mkewe au mumewe na watoto wake ni kosa. Wanayo haki juu yetu. Tumwachie afanye hesabu yake vyema, aulize yaliyomo kwenye sahani kabla ya kulipa, na arudi nyumbani bila riba.

Tunamwomba Allah azibariki riziki zetu na safari zetu, na amrehemu kila mzazi aliyewahi kudunduliza kwa ajili ya furaha ya wanawe. Wallahu a'lam.